Hasara Itajwe Kwanza

Msafiri atokaye Ngong kwenda Kiserian, vilima vikiwa mkono wake wa kulia, hupita Matasia, mahali ambapo kwa muda usiozidi umri wa mtu mmoja zizi limekuwa ploti, ploti imekuwa nyumba ya ghorofa, na njia ya ng'ombe imekuwa barabara ya lami. Wamaasai wa Keekonyokie, ambao vilima hivyo vilikuwa malisho yao, leo wanaishi ukuta kwa ukuta na watu waliotoka kila pembe ya Kenya. Na ukivuka nyanda kuelekea mashariki hata Kitengela, utakuta jambo lilo hilo limetendeka kwa kasi kubwa zaidi, kwa kuwa viwanda vya Athi River, hasa baada ya eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje kuanzishwa mwaka 1990, vilivuta wafanyakazi, na wafanyakazi wakataka mahali pa kulala.

Katika nchi ya namna hii hakuna nyumba isiyokuwa na mtu aliyewahi kuambiwa na kiongozi wake, awe wa ukoo, wa chama, wa kazi au wa serikali, kwamba ya zamani yamekwisha na yajayo ni mema. Wengine waliambiwa kweli wakafaidi. Wengine waliambiwa nusu ya kweli, nusu ya pili wakaja kuijua wenyewe walipokuwa hawana tena njia ya kurudi. Nimeona ni vyema kulijadili jambo hili kwa sauti nne, ambazo nimezitunga mwenyewe ingawa hoja zake ni za watu, nikazikalisha chini ya mgunga mmoja hapa Matasia, jioni, baada ya maziwa kupelekwa. Mama ni mwenyekiti wa chama cha wanawake wauzao maziwa, naye ndiye aliyewaita wenziwe. Mzee aliwahi kuwa katika halmashauri ya ranchi moja ya kikundi upande wa Wamaasai wa Kaputiei. Mwalimu amestaafu baada ya kuongoza shule kwa miaka mingi. Kijana ni msaidizi wa wapima ardhi. Alipofika alimwinamia Mzee akaguswa kichwani, kisha akaketi.

MAMA: Nawashukuru kwa kuja. Shida yangu ni fupi kuieleza na ndefu kuitatua. Malisho tunayoyakodi yameuzwa, na mnunuzi atajenga kabla ya mwaka kwisha. Wanachama wangu hawajui. Wako wenye ploti za kutosha kujenga banda na kumfuga ng'ombe ndani kwa majani ya nepia na nyasi kavu za kununua, na wako ambao mali yao yote ni ng'ombe wawili na kamba. Nataka mniambie niwaongoze vipi watu ambao lazima waache walichokizoea, nami sina hakika kwamba wote watafika ng'ambo.

KIJANA: Mama Mwenyekiti, kwa heshima zenu wote, mimi naona kiongozi katika saa kama hii hana ruhusa ya kusitasita. Waite wanachama, waonyeshe faida ya ufugaji wa bandani, maziwa mengi kwa ng'ombe wachache, kisha uwape tarehe. Watu wakiulizwa kama wanataka kubadilika, watasema hapana hata kesho kutwa, na ardhi haitawangoja. Tazameni historia yetu. Mwaka 1904 wazee walitia alama katika mkataba na Waingereza, wakaahidiwa kwamba Laikipia itakuwa yao maadamu Wamaasai wangalipo. Miaka saba tu ikapita, mwaka 1911 ukaletwa mkataba wa pili, nao wakatakiwa wahame na mifugo yao waende kusini. Walipokwenda kortini, kesi ile ya ole Njogo ilitupwa mwaka 1913, kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa baina ya dola na dola, na korti haina mamlaka ya kuihukumu. Mimi kila ninapoweka jiwe la mpaka hukumbuka kesi hiyo. Lau mababu zetu wangalikuwa na hatimiliki, nani angaliwasogeza? Mwenye kuchelewa kubadilika hubadilishwa na wengine.

MWALIMU: Umesoma vizuri, mwanangu, lakini umeruka ukurasa mmoja. Mkataba wa 1911 uliwaangukia watu wa kaskazini, waliokuwa wakimfuata Parkenya ole Gilisho, yule ambaye Waingereza walimwita Legalishu. Yeye hakuchelewa wala hakulala. Alikataa, akashurutishwa, akakubali, kisha akarudi kukataa kwa njia ya sheria. Ibra ninayoiona mimi ni kwamba waliopanga safari ile na walioisafiri hawakuwa watu wale wale. Waliopanga walikuwa na ramani na kalamu, na waliosafiri walikuwa na ndama na vikongwe. Hilo ndilo jambo la kuliogopa, Mama, kuliko kuchelewa.

MZEE: Ngojeni niseme niliyoyaona kwa macho yangu, maana ya 1911 na mimi niliyasikia tu. Mwaka 1968 ilitungwa sheria ya ranchi za vikundi. Wakuu walikuja kwetu na maneno matamu: mtapata hatimiliki ya pamoja, mtapata majosho, visima, mikopo, na mafahali wa Sahiwal. Yote hayo yalikuwa ya kweli, na mengine tuliyapata. Jambo ambalo hatukuambiwa kwa uwazi ni kwamba kila boma litawekewa idadi ya ng'ombe lisiyoweza kuipita, na kwamba mvua ikinyesha upande wa pili wa mpaka, nyasi zile si zako tena. Mfugaji wa nchi kavu anaishi kwa kuifuata mvua. Ukimwekea mpaka umemwondolea mguu mmoja. Ulipokuja ukame wa katikati ya miaka ya sabini watu waliivuka mipaka, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kuokoa mifugo, na wale wakuu wakashangaa, wakasema Wamaasai ni wakaidi. Sisi hatukuwa wakaidi. Tulikuwa tumeambiwa nusu.

MWALIMU: Na hata hivyo, Mzee, sheria ile ilikuwa na utaratibu wa busara ndani yake. Ilitaka wawakilishi wasiopungua 3 wala kuzidi 10, washike daftari la wanachama, wafanye mikutano ya mwaka. Mimi huamini kwamba watu wakipita katika mabadiliko mazito, utaratibu ndio daraja. Bila kanuni zinazojulikana na wote, mwenye sauti kubwa huamua na mnyonge hufuata.

MAMA: Mwalimu, daraja lile mimi sikupita juu yake. Walioandikwa katika daftari walikuwa wakuu wa nyumba, na mkuu wa nyumba maana yake mwanamume. Mama yangu alikamua ng'ombe wale kila alfajiri, akajenga nyumba ile kwa mikono yake kwa udongo na samadi, na siku ranchi ilipogawanywa jina lake halikuwa popote. Baadaye sheria zimekuja kulitengeneza hilo: za mwaka 2012, zilizotaka idhini ya mwenzi kabla ardhi ya ndoa haijauzwa, na ile ya ardhi ya jamii ya 2016, ambayo imefuta sheria yenu ya 1968, ikataka baraza la jamii nzima, halmashauri ya watu 7 hadi 15, na theluthi mbili za baraza kabla ardhi haijatolewa. Nimeyashukuru yote. Lakini yalikuja wakati ardhi ya huku kwetu kwa sehemu kubwa imekwisha kugawanywa na kuuzwa. Basi nawauliza: utaratibu unaomwacha nje yule atakayebeba mzigo, je, nao ni utaratibu?

MWALIMU: Hapo umenishika, nami nakiri. Tuseme hivi: kanuni ni daraja, lakini kwanza ihesabiwe ni nani wanaotakiwa kuvuka.

KIJANA: Wazee wangu, mnazungumza kana kwamba hasara yote inatoka kwa wenye haraka. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988 kwa sababu wanachama wenyewe walitaka. Vijana waliona majina yao hayamo, mikopo hailipiki, na wenye mifugo mingi wanakula nyasi za wote. Kugawana kulikuwa ni haki iliyocheleweshwa. Na miaka ile waliyongoja kuna waliolipa pia: watoto waliotolewa shuleni kwa kuwa baba hakuwa na kipande cha kukiwekea rehani wala cha kukiuza. Kungoja nako kuna bei yake, ila hakuna aiandikaye.

MZEE: Umesema kweli, nami siipingi.

KIJANA: Tena nina hoja nyingine. Mama akisimama mbele ya wanawake wale na kuanza na hasara, atawatia fadhaa. Leo kila mtu ana simu. Kabla hajafunga mkutano maneno yatakuwa yamefika Rongai. Atatokea mwingine atakayewaahidi kwamba malisho yatarudishwa, naye atachaguliwa, na chama kitakufa kikimngoja. Watu hawamfuati kiongozi anayewaonyesha shimo, wanamfuata anayewaonyesha kilima.

MWALIMU: Hoja hiyo ni nzito, na sitaijibu kwa methali. Nitaijibu kwa jambo lililotokea jirani zetu, Tanzania. Tangu 1967 Julius Nyerere aliwaambia wananchi wake kwamba kukaa pamoja vijijini kutawaletea shule, maji na zahanati, na kwamba watu waingie kwa hiari yao. Hapakuwa na kiongozi katika Afrika Mashariki aliyependwa kuliko yeye, wala aliyejua zaidi kuwaonyesha watu kilima. Lakini hiari ikaonekana inakwenda polepole, na mnamo Novemba 1973 ikatolewa amri kwamba hadi mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini. Mamilioni walihamishwa. Kuna waliopakiwa katika malori pamoja na masufuria yao, na kuna ambao nyumba zao zilichomwa ili wasirudi. Mashamba yaliachwa mbali na watu, tena ukame nao ukaja, na katika miaka ya 1974 na 1975 nchi ile ikalazimika kununua nafaka nyingi kutoka nje. Nayasema haya nikiwa na taadhima kwa mtu yule, kwa kuwa shule zilijengwa kweli na watoto walisoma. Lakini mkulima alijua vitu ambavyo mtoa amri hakuvijua: udongo upi hushika maji, njia ipi hujaa matope, shamba lipi likiachwa wiki mbili huliwa na nguruwe. Lau hasara ingalitajwa kwanza barazani, mkulima angaliyasema hayo, na mpango ungalirekebishwa ungali ni maneno tu. Ndiyo maana nasema kutaja hasara hakumtishi mtu bure. Ndiyo njia pekee ya kiongozi kuazima ujuzi wa watu anaowaongoza. Kilima kila mtu anaweza kukionyesha akiwa mbali. Shimo linajulikana na yule apitaye njia hiyo kila siku.

MZEE: Na mimi nitamjibu Kijana kwa jambo la kwetu. Unaijua Eunoto, mwanangu, ile sherehe ya kunyolewa moran. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliiandika pamoja na sherehe zenzake, Enkipaata na Olng'esherr, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika unaohitaji kulindwa kwa haraka. Katika Eunoto moran aliyezifuga nywele zake miaka na miaka, akazisuka na kuzipaka rangi nyekundu, hukalishwa chini zikanyolewa zote. Wako wanaolia, wanaume wazima waliokwisha kukabiliana na simba. Hakuna anayewaambia kwamba nywele si kitu. Zinathaminiwa mpaka siku ya mwisho, na hasara ile inafanywa mbele ya macho ya watu wote, mchana. Na anayeshika wembe ni nani? Ni mama yake. Halafu haianzi peke yake njia ya kuelekea uzee. Huenda na rika lake lote, na mbele yake wako waliokwisha kupita. Wahenga wetu walijua kwamba mtu anaweza kuacha jambo kubwa sana, akiachishwa na anayempenda, mbele ya watu wake, pamoja na wenziwe.

KIJANA: Mzee, nisamehe nikikupinga. Moran anajua aendako. Baba yake ni mzee, babu yake alikuwa mzee. Ng'ambo ya Eunoto kuna watu wanaishi, naye anawaona wakiota jua. Lakini mabadiliko yetu haya, ya kutoka malisho hadi banda, kutoka ranchi hadi ploti ya futi hamsini kwa mia, hayana aliyekwenda akarudi kutueleza. Mila haiwezi kutuvusha mahali ambapo mila haijafika.

Hapo palikuwa na kimya, maana kila mmoja aliona kwamba hoja ile haikuwa ya ubishi. Mzee aliipekecha ardhi kwa ncha ya fimbo yake kabla ya kujibu.

MZEE: Ni kweli. Basi nitakwambia tulifanyaje tulipohama kwenda nchi tusiyoijua. Hatukuhamisha ng'ombe kwanza. Tulituma watu wawili au watatu wakaitazame: nyasi zikoje, maji yako umbali gani, kuna ugonjwa, nani anakaa pale, atatupokea au atatupiga. Walirudi wakasimama mbele ya wazee wakasema yote. Na mpelelezi aliyerudi na habari njema tupu hakutumwa tena, kwa kuwa hakuna nchi isiyo na ubaya wake. Ama hakutazama, ama alitaka kutupendeza. Wote wawili huua ng'ombe.

MAMA: Hilo naliweza. Lakini nataka kuongeza la Kitengela, maana kuna jambo nililijifunza huko. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi walio kusini ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, dola 4 za Marekani kwa kila ekari kwa mwaka, ili wasizungushe seng'enge wala wasiuze, na nyumbu na punda milia wapate kupita. Watu wengi hukumbuka zile dola. Mimi nakumbuka kwamba fedha zilitolewa kwa mafungu matatu kwa mwaka, wakati wa karo. Naona aliyepanga vile aliuliza kwanza mwenye ardhi huuza ploti saa gani, akajibiwa: mtoto anaporudishwa nyumbani kwa karo. Alijua ni saa ipi inayomshinda mtu.

KIJANA: Lakini dola 4 hazikuweza kushindana na bei ya ploti, Mama. Seng'enge zimejaa.

MAMA: Hazikuweza kila mahali, nawe unajua kuliko mimi, kwa kuwa ndiwe unayepima. Hata hivyo wako walioshikilia ardhi yao miaka kadhaa, watoto wakamaliza shule, na walipouza waliuza kwa kuchagua. Kwangu mimi hiyo si kazi ndogo. Kiongozi hana uwezo wa kulizuia badiliko. Anaweza kumpa mtu wasaa wa kuchagua, naye akaingia katika yale mapya akiwa na kitu mkononi.

MWALIMU: Waswahili husema usiache mbachao kwa msala upitao. Nilikuwa nikiifahamu methali hiyo kama onyo la kushikilia ya kale. Leo naiona ni swali kwa kiongozi: umewaambia watu wakunje mbacha wao, je, huo msala ni wa kukaa, au unapita?

MZEE: Sasa nitasema jambo ambalo sijawahi kulisema barazani. Siku tulipogawa ranchi yetu, mimi nilikuwa katika halmashauri. Tuliiona ramani kabla ya wengine. Tulijua vipande vipi viko karibu na maji na vipi ni mawe matupu. Barazani tulisema neno moja tu, kwamba kila mtu sasa atakuwa bwana wa ardhi yake, na watu wakapiga makofi. Hatukusema kwamba ekari zile peke yake hazitalisha ng'ombe mwaka wa ukame, kwa kuwa tulijua ghasia itakayozuka. Kipande changu kilikuwa karibu na maji. Jirani yangu, mjane mwenye watoto, alipata mawe, na haikuchukua miaka mingi akauza, akaondoka, wala sijui alikokwenda. Hakuna aliyenidai, na ndiyo maana deni lile haliishi. Sikuwa mtu mwovu. Niliogopa kelele za siku moja, nikazikwepa, nikapata kimya cha miaka zaidi ya thelathini. Mwanangu, ulisema watu hawamfuati anayewaonyesha shimo. Mimi walinifuata.

Kijana hakujibu. Baadaye kidogo aliuliza kwa sauti ya chini ni tarehe gani hasa iliyoandikwa katika makubaliano ya mnunuzi, akaahidi kuisoma karatasi ile na kuchora ramani inayoonyesha nani ana nafasi ya banda na nani hana, ili Mama asiingie mkutanoni kwa kukisia. Mwalimu akasema ataandika hesabu ya gharama za ng'ombe mmoja wa bandani kwa mwezi, nepia, maji ya boza na dawa, bila kupunguza hata shilingi.

MAMA: Basi nitatuma wanawake watatu wakatazame mabanda ya Kiserian, na mmoja wao atakuwa yule mwenye ng'ombe wachache kuliko wote, kwa kuwa macho yake yataona ambayo yangu hayataona. Wakirudi watasema mbele ya wote. Na wale wasio na ploti hatutawaacha nyuma tukiwapa pole; tutaulizana kama banda moja linaweza kuwa la watu watatu, na kama haliwezi, watauza ng'ombe wao wakiwa wangali wanono, wakati bei iko mikononi mwao. Lakini kabla ya hayo yote kuna neno nitakalolitanguliza katika mkutano wa Jumamosi, na limekuwa likinikaba koo tangu nilipowaita.

MWALIMU: Neno gani?

MAMA: Nitasema: wenzangu, malisho yameuzwa, nami nimelijua hilo kwa wiki tatu.